Weyzero Yeshimebet Asfachew, Aliyeosha Picha Katika Jiko la Mama Yake

Wapendwa waombolezaji, viongozi wa chama chetu cha kuzikana, majirani wa Arada na wote mliopanda mlima huu wa Dessie na viatu vyenu vya matope: poleni, na karibuni. Anayewasomea ni Weyzero Fantaye Asfachew, mdogo wa marehemu, ambaye pia ndiye aliyeandika. Tarehe zote ni za kalenda yetu. Mwenye kukumbuka tofauti asubiri mpaka wakati wa kahawa, aje amwambie Fantaye mwenyewe, wabishane vizuri.

Marehemu Yeshimebet alizaliwa hapa Dessie tarehe 12 Tir 1941, siku moja baada ya sikukuu ya Ubatizo, watu wakiwa bado barabarani wanaimba. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Ato Asfachew Yimer, fundi wa matandiko ya nyumbu, na Weyzero Debritu Kebede, mpika injera, mkate wetu wa nafaka ya teff, ambaye mkono wake ulijulikana mitaa mitatu. Mama yao alikuwa akisema kwamba Yeshimebet alitoka tumboni amekunja jicho moja, kama mtu anayekadiria kitu. Hilo Fantaye hawezi kulithibitisha. Alizaliwa miaka mitano baadaye, na alipofungua macho alimkuta dada yake keshaanza kutoa amri.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, akaendelea hadi darasa la tisa. Alipenda hesabu, aliyapenda masomo ya sayansi zaidi, na sindano na nyuzi hakuzipenda kabisa. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Ana akili, ila anauliza sana." Baba yao aliisoma ripoti ile kwa sauti mbele ya wateja, akicheka, akasema huyo si mwalimu, huyo ni mtu mvivu wa kujibu.

Mwezi wa Ginbot 1958 baba yao alifariki ghafla. Yeshimebet alikuwa na miaka kumi na saba. Mnajua desturi yetu: kwenye msiba, ndugu wa marehemu huinua juu picha yake, watu waione na kulia. Nyumba ya Ato Asfachew haikuwa na picha. Shangazi zake waliinua kofia yake na mkasi wake wa ngozi. Watu walilia, ndiyo, lakini walililia kofia. Na haukupita mwaka, wakiwa mezani, Weyzero Debritu akasema baba yenu alikuwa na baka shavu la kushoto. Fantaye akasema la kulia. Yeshimebet akasema kidevuni. Watu watatu waliompenda mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa na uhakika! Mama yao akaondoa sahani kabla hawajashiba. Yeshimebet alimfuata jikoni akamwambia, "Mama, wewe hutazikwa hivi. Wallahi nitapata picha yako." Weyzero Debritu akamjibu, "Kwanza usiape kama Waislamu wa sokoni. Pili, mimi sipigwi picha. Mtu akishachukuliwa sura anabaki na nini?"

Ndugu, hilo ndilo jambo alilolitafuta maisha yake. Mengine yote mtakayosikia yalitokea njiani.

Mwaka 1959 aliajiriwa katika studio ya picha ya Musye Hagop, Mwarmenia mmoja mzee aliyekuwa karibu na kituo cha mabasi. Kazi yake ilikuwa kufagia na kutia rangi kwa brashi mashavu ya maharusi kwenye picha. Lakini mlango wa chumba cha giza, cha kuoshea picha, ulikuwa na kitasa kibovu, na Yeshimebet, kama mwalimu alivyoandika, aliuliza sana. Alipofikisha miaka mitatu kazini alikuwa anaosha filamu vizuri kuliko bosi wake. Mwaka 1962 Musye Hagop alifunga duka akaenda kwa watoto wake ng'ambo. Alimwachia lenzi moja kuukuu, masinia matatu ya enameli, na karatasi yenye vipimo vya dawa kwa mwandiko ambao hata Mungu aliusoma kwa shida.

Basi akaja nyumbani akatangaza kwamba anafungua chumba cha giza. Chumba gani? Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko la udongo uani. Wote watatu wakageuka kutazama jiko.

"Hapana," alisema mama yao.

"Siku mbili tu kwa wiki, mama."

"Hilo ni jiko. Ndani yake kuna meko, kuna unga, kuna mimi."

"Jumanne na Alhamisi. Wewe unapika injera Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine linakaa bure."

"Linapumzika," alisema Weyzero Debritu. "Kama unavyopaswa kupumzika wewe kwa kuolewa."

Majadiliano yale yalichukua mfungo mzima wa Pasaka. Mwishowe mama yao alikubali, kwa sharti kwamba hakuna dawa itakayogusa chungu chake hata kimoja, na kwamba unga wa teff utahamia chumba cha kulala. Toka hapo Fantaye alilala na gunia la unga miguuni kwa miaka minne, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Anapenda liingie kwenye kumbukumbu leo.

Kulifanya jiko liwe na giza ilikuwa kazi. Yeshimebet alikanda udongo na majani ya teff akaziba nyufa zote. Mlangoni alitundika mablanketi mawili mazito ya baba yao. Halafu akamfungia Fantaye ndani saa sita mchana, jua la utosi, ili aone mwanga unapenya wapi.

"Unaona nini?" alimwuliza kutoka nje.

"Sioni kitu."

"Kaa dakika kumi, macho yazoee. Sasa unaona nini?"

"Naona njaa."

"Fantaye!"

"Naona nyota tatu juu ya meko na moja karibu na mlango."

Zile nyota ndizo matundu aliyokuwa akiyatafuta. Akaziba, akamrudisha ndani, mpaka siku Fantaye alipokaa dakika kumi asione hata mkono wake, akaanza kulia kwa hofu, na dada yake nje akawa anapiga vigelegele.

Mashine ya kukuzia picha ilitengenezwa na fundi bati wa sokoni kutokana na kopo la maziwa ya unga, ile lenzi ya Musye Hagop ikachomekwa chini yake. Maji ya Dessie mnayajua, yanauma meno, na dawa ya picha haifanyi kazi kwenye baridi. Aliyapasha kwenye kikaango cha injera, na kwa kuwa kipimajoto hakuwa nacho, alipima kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Picha zilioshwa katika sinia la kwanza, zikatiwa dawa ya kuzishikisha katika la pili, zikasuuzwa katika la tatu, kisha zikaanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, katikati ya pilipili za mama.

Naam, pilipili. Bibi harusi wa kwanza kupigwa picha na Yeshimebet alitoka na madoa uso mzima, kana kwamba aliolewa na surua. Vumbi la berbere lilikuwa limetua kwenye filamu. Familia ya bwana harusi ilikuja juu. Weyzero Debritu ndiye aliyewapokea, akawakalisha, akawapa kahawa raundi tatu, akawaambia, "Picha imesema kweli. Mke mwenye pilipili ndiye anayekaa na mume." Wakaondoka wanacheka. Yeshimebet akarudia picha baada ya kufuta jiko kwa kitambaa kibichi kutoka darini hadi sakafuni, na tangu siku hiyo akawa anafuta hivyo kila Jumanne.

Ya taa nyekundu wengine mnayajua, maana wengine mlikuwemo. Kuosha picha kunahitaji taa nyekundu, na hapa mjini taa nyekundu dirishani ina maana yake. Tundu la moshi la jiko, ambalo Yeshimebet alilizibua giza likiingia ili apate hewa, lilikuwa likitoa wekundu kidogo kuelekea uchochoroni. Jioni ya Alhamisi ya kwanza tu, wanaume wawili walibisha hodi wakiuliza kama bia ni baridi na wasichana wako wangapi. Weyzero Debritu alitoka na mwiko. Alisema, "Wasichana wako wawili, na mama mmoja. Mnaanza na nani?" Mmoja wa wale wanaume leo ni mzee wa heshima katika chama hiki cha kuzikana. Fantaye hatamtaja, ila anamwona alivyoinamisha kichwa.

Ndoa yake na Ato Mekuria Belay ilitokana na kosa la kazi. Ato Mekuria alikuwa karani wa posta, akaja kupigwa picha ya kitambulisho. Yeshimebet aliiweka filamu kinyume, kovu la nyusi likahamia upande wa pili.

"Huyu si mimi," alisema Ato Mekuria. "Huyu ni yule wa kwenye kioo."

"Basi mnafahamiana," alijibu Yeshimebet.

Akarudia. Wiki iliyofuata Ato Mekuria alirudi kusema sasa sikio moja limekuwa kubwa. Wiki ya tatu akasema shati halikutokea vizuri. Mara ya nne Weyzero Debritu alimwuliza mlangoni, "Mwanangu, umekuja kwa picha au kwa mpiga picha?" Walifunga ndoa kanisani tarehe 21 Tir 1965. Wakajaliwa watoto wawili, Hirut na Endale. Ato Mekuria alikuwa mume mpole asiyepandisha sauti, na alimtangulia marehemu mwaka 2004.

Kwa miaka arobaini Yeshimebet alipiga na kuosha picha za mtaa huu. Vitambulisho, harusi, ubatizo, askari wanaoaga. Zaidi ya yote alikwenda kwa wazee, nyumba kwa nyumba, Wakristo na Waislamu, akiwaambia bila haya, "Nimekuja kabla hujafa." Wengine walimfukuza na fimbo, kisha wakamtuma mjukuu amwite. Toka mwaka 1962 hadi leo, msiba wa Arada ulioinua kofia badala ya picha unahesabika kwa vidole.

Mama yake tu ndiye aliyebaki.

Miaka saba alimbembeleza. Mwishowe, Meskerem 1969, sikukuu ya Msalaba, Weyzero Debritu alikubali. Labda alikuwa amechoka, labda ni kwa sababu Hirut alikuwa ameanza kutembea na ana sura ya bibi yake. Alivaa nguo nyeupe mpya, akapaka nywele siagi, akakaa uani kwenye kiti kama jaji. Yeshimebet alikuwa amenunua filamu mpya dukani kwa Hajji Seid. Boksi lilisema mwisho wa matumizi 1970. "Tuna mwaka mzima," alisema Yeshimebet. Hajji Seid naye alisema hivyo hivyo, na hakuwa mwongo, maana kweli ilikuwa 1969. Alimpiga mama yake filamu nzima.

Alipoifungua jikoni, hakukuwa na mtu. Ukungu, ukungu, ukungu, kama moshi wa kuni mbichi. Akatoka nje, filamu mkononi. Ato Mekuria, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiweka kikombe chake cha chai juu ya lile boksi, aliligeuza, akasoma, akavua miwani.

"Yeshi, hii tarehe ni ya wazungu. Kwao mwaka huu ni 1976."

Filamu ilikuwa imekufa miaka sita, juu ya rafu iliyokuwa juu ya jiko la mkaa la Hajji Seid. Nchi nzima ya watu wenye akili zao, na hakuna aliyefikiria kwamba boksi lina kalenda yake! Hajji Seid alikuja kuomba radhi akiwa na kilo ya sukari, akalia kweli. Weyzero Debritu aliiinua filamu kwenye jua, akaitazama toka mwanzo hadi mwisho.

"Nilikaa pale," alisema. "Wote mliniona."

"Filamu imeoza, mama."

"Nyama ndiyo inaoza. Mimi sionekani. Nilikuambia, ukakataa kusikia. Usiniombe tena."

Na neno la Weyzero Debritu mlikuwa mkilijua. Yeshimebet alilia siku mbili, akiwa amejifungia kwenye giza lake alilolitengeneza mwenyewe. Fantaye alimpelekea chakula, akakiacha nje ya blanketi.

Kuanzia mwaka 2009 marehemu alisumbuliwa na kisukari. Kilianza na miguu, kikaja machoni. Alitibiwa hapa Dessie na Addis Ababa, na watoto wake hawakumwacha hata siku moja. Alipokuwa hawezi tena kuona sawasawa aliendelea kuingia jikoni Jumanne na kukaa. Hirut akimwuliza anafanya nini humo gizani, alijibu, "Humu ndani mimi na ninyi tunaona sawa." Alicheka sana mwaka huo wa mwisho. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Megabit 2016 aliomba maji, akasema ni ya baridi mno, akatoa kiwiko kuyapima, akalala. Asubuhi alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Sasa, kuhusu picha ambayo Hirut ameiinua pale mbele. Tangu asubuhi watu wananong'ona. Mwenyekiti wa chama ameuliza kwa adabu kama familia haina nyingine, maana hii imepinda, na kichwa cha marehemu kimekatwa juu ya nyusi. Familia inazo nyingine. Hii ndiyo aliyoiagiza, na inabidi mjue kwa nini.

Asubuhi moja ya mwaka 1978, kama saa mbili, Weyzero Debritu alikuwa akimtazama binti yake akihangaika na kamera uani, akamdhihaki. "Kazi gani hiyo? Kubonyeza tu. Hata mimi naweza."

"Basi bonyeza, mama. Nipige mimi."

"Unadhani nitaogopa?"

"Jua liwe mgongoni kwako. Tazama kwenye kidirisha. Bonyeza."

Alibonyeza, akarudisha kamera, akarudi kwenye injera zake akisema watu wanalipwa kwa uvivu. Alhamisi Yeshimebet aliiosha. Fantaye alikuwa uani, akasikia kelele jikoni, akadhani dada yake ameungua kwa maji ya moto. Akalifungua blanketi kwa nguvu, akaharibu karatasi mbili, na wala hakutukanwa. Yeshimebet alikuwa ameinamia sinia, anaonyesha kwa kidole. Tazameni picha, mlio karibu. Tazameni chini. Jua lilikuwa mgongoni kwa mama, na kivuli chake kimelala uani kizima, shuka kichwani, viwiko vimepanda kama mikono ya mtungi, mpaka kikaishia kwenye sketi ya binti yake.

Walimpelekea mama yao. Aliitazama muda mrefu.

"Nani huyo kwenye vumbi?"

"Ni wewe, mama."

"Nimenenepa," alisema Weyzero Debritu. Halafu akaishika tena, akaisogeza karibu. "Lakini ni mimi. Nimesimama vizuri." Akaifuta kwa ncha ya nguo yake, ingawa haikuwa na vumbi.

Hidar 1983 mama yao alipofariki, Yeshimebet alitoka nyumbani ameiinua picha hii hii. Wanawake wakaacha kulia ghafla. Jirani mmoja akapiga kelele, "Wewe Yeshimebet, mbona unajililia mwenyewe na uko hai?" Yeshimebet akawaambia watazame chini. Wakatazama. Fantaye hajawahi kusikia kilio kama kile kilichofuata, na anawaambia ukweli, kilikuwa kilio kizuri, cha watu wanaomjua wanayemlilia.

Marehemu ameacha watoto wawili, Hirut na Endale Mekuria, wajukuu watano, mdogo wake, Fantaye, ambaye sasa hana wa kumwamuru na hajui asubuhi aanzie wapi, wana wa marehemu Hajji Seid, ambao wamesimama nasi tangu jana, na jiko moja la udongo ambalo hakuna atakayelibomoa, Endale, umesikia mbele ya watu. Weyzero Debritu hayumo katika orodha ya walioachwa. Alitangulia miaka thelathini na mitatu iliyopita. Ila tazameni tena pale chini, kwenye sketi: amesimama vizuri, amekuja kumzika mwanawe.

Yeshimebet, dada, pumzika kwa amani.